Vyombo vya Umeme Jikoni: Pimeni Pamoja Kabla ya Kugombana

Hebu tazameni juu ya kabati lenu la nguo. Katika nyumba nyingi za watu waliofunga ndoa kwa sherehe, huko juu kuna maboksi ambayo hayajafunguliwa tangu siku ya arusi. Birika la umeme. Birika lingine la umeme, kwa maana shangazi wawili hawakuulizana. Blenda ya glasi, tosta ya mikate miwili, na pengine pasi. Miaka imepita, watoto wamezaliwa, na maboksi bado yako pale, yamefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie.

Pengine mtashangaa kuona ukurasa wa ndoa ukizungumza habari za mabirika. Lakini sisi tunaokaa na wanandoa katika jumuiya na katika semina tunajua kwamba ugomvi wa nyumbani mara nyingi hauanzi na mambo makubwa. Huanza na tokeni zilizonunuliwa Jumapili zikaisha Jumanne. Huanza na mke aliyenunua chombo cha kukaangia kwa hewa moto, ile eya fraya, kwa fedha za chama, halafu akaiacha kwa dada yake miezi miwili akitafuta siku nzuri ya kuileta nyumbani. Huanza na mume aliyeingia na maikrowevu begani, ameichukua kwa malipo ya kidogo kidogo, kumbe mwenzake anajinyima kila wiki ili karo ya muhula ujao itimie. Hapo neno linatoka, neno linajibiwa, na watu wawili wanalala wameelekea kuta mbili.

Mwezi huu basi nataka tujifunze jambo moja. Ulaji wa chombo cha umeme unapimika. Una hesabu yake, na hesabu hiyo si ya fundi peke yake. Mume na mke wanaweza kuifanya wenyewe mezani kwa kalamu na kipande cha karatasi. Nimeona nyumba ambazo ugomvi wa miaka ulimalizwa na karatasi moja kama hiyo, kwa sababu kila mmoja alikuwa akishikilia dhana yake na hakuna aliyekuwa amepima.

Nani hasa anakula stima?

Chini au nyuma ya kila chombo pana kibandiko. Hapo pameandikwa volti na wati. Wati ndizo ulaji wake. Yuniti moja ya stima, ile mnayonunua kwa tokeni, ni wati 1,000 zikitumika kwa muda wa saa moja. Kwa hivyo chombo cha wati 1,000 kikiwaka mfululizo kwa saa moja kimekula yuniti moja. Cha wati 2,000 kitaimaliza yuniti hiyo kwa nusu saa. Balbu ya wati 10 itakaa nayo saa 100.

Sasa tafuteni ujumbe wa tokeni kwenye simu. Gawanyeni fedha mlizolipa kwa yuniti mlizopata. Tuseme mlilipa shilingi 1,000 mkapata yuniti 34. Basi kila yuniti imewagharimu shilingi 29 na senti kidogo, ushuru na makato yote yakiwa ndani. Msitumie bei ya jirani. Mwezi wa Aprili 2023 bei za stima za nyumbani zilipangwa upya katika makundi matatu: wanaotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi, wanaotumia kati ya 31 na 100, na wanaozidi 100. Anayetumia kidogo alipangiwa kulipa kidogo kwa kila yuniti. Ndiyo sababu nyumba mbili za ploti moja zinaweza kununua tokeni kwa fedha sawa na kupata yuniti tofauti, bila ya yeyote kuibiwa.

Tuanze na blenda, maana ndiyo inayokatazwa zaidi. Nyingi ni za wati 400 hivi. Mama anasaga nyanya na vitunguu kwa dakika mbili, anazima. Akifanya hivyo kila siku ya mwezi, ni dakika 60 kwa jumla, yaani saa moja ya wati 400. Hiyo haifiki hata nusu ya yuniti. Mwezi mzima! Kuna mwanamume aliyekuwa akimkataza mkewe blenda kwa sababu ina kelele nyingi. Aliamini kwamba kinachopiga kelele ndicho kinachokula. Kelele si kipimo cha stima. Pasi haipigi kelele hata kidogo, nayo hula zaidi ya blenda mara mbili au tatu kwa kila dakika.

Birika la umeme huwa na wati 2,000 hivi. Likijazwa lita moja na nusu na kuchemshwa, hula chini kidogo ya yuniti moja ya tano. Kwa bei tuliyotaja juu, ni kama shilingi tano. Si mbaya kwa chai ya watu sita. Ubaya uko kwa mtu mmoja anayetaka kikombe kimoja akalijaza hadi juu, akanywa chake, akaacha mengine yapoe, na baada ya nusu saa mwingine akaja akayachemsha upya. Hapo birika halina kosa. Pimeni maji kwa vikombe kabla ya kuyatia. Ni kazi ya sekunde kumi.

Sasa niruhusuni niseme jambo ambalo akina baba hawatalipenda. Katika nyumba zenye ile shawa ya kupasha maji papo hapo, kibandiko chake aghalabu huonyesha wati 5,000 na zaidi. Tuchukue 5,500. Baba akioga dakika 20 huku akiimba, ameondoka bafuni na yuniti 1.8. Akifanya hivyo kila siku kwa siku 30 ni yuniti 55. Halafu baba huyo huyo, amejifuta, amenukia vizuri, anafika jikoni na kuuliza ni nani amechomeka blenda. Simcheki. Namwambia tu kwamba blenda hiyo ingesaga kila siku kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kula alichokula yeye kwa mwezi mmoja. Hesabu ndiyo inayosema hivyo, si mke wake.

Akina mama nao wasipige makofi haraka, kwa maana tunafika kwenye koili. Jiko la koili la wati 1,000 halionekani kuwa kubwa. Lakini likiwekewa sufuria ya maharagwe kwa saa tatu, limekula yuniti tatu kwa mlo mmoja, karibu shilingi 88. Hapo baba mwenye kulalamikia tokeni ana haki kabisa, na anayemjibu kwamba stima ni stima amekosea. Chombo kikubwa kinachowaka dakika tano huenda kikala kidogo kuliko kidogo kinachowaka mchana kutwa. Msiangalie wati peke yake. Angalieni wati pamoja na muda.

Kama hamwamini karatasi, fanyeni jaribio. Chagueni Jumamosi ambayo hamna haraka. Zimeni taa na vyombo vingine. Friji ikizimwa kwa saa moja bila kufunguliwa haiharibu kitu. Mmoja asome mita na kuandika yuniti zilizobaki, kwa kuwa mita nyingi za tokeni huonyesha hata sehemu za yuniti. Pikeni chakula mlichokusudia. Kisha mwenzake, si yule wa kwanza, asome tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ukweli wa nyumba yenu. Wenye gesi wanaweza kupima mtungi kwa mizani ya dukani mwanzo na mwisho wa wiki. Wenye makaa wahesabu gorogoro. Nasisitiza kwamba wasome wote wawili kwa sababu namba iliyosomwa na mtu mmoja huzaa ubishi mwingine.

Habari ya maharagwe

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi na saa nyingi za nyumba zetu zinapopotelea. Maharagwe, githeri, muthokoi, matumbo: hivi ndivyo vyakula vyetu, na vyote vinataka moto wa muda mrefu.

Pengine hamjapata kuelezwa kwa nini maharagwe ya nyanda za juu hukawia hivyo. Kule Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka yakifikia nyuzi 100. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na huko maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Nyahururu iko mita 2,300 hivi; maji huchemka kwa nyuzi 92 hivi. Maji yakishaanza kuchemka hayapandi tena, hata ukichochea moto mpaka sufuria iwe nyekundu. Kwa hiyo sufuria ya Nyahururu, ingawa inatokota kwa fujo, haina joto la ile ya Mombasa, na maharagwe yake yatachelewa. Nawasihi mama wakwe wa milimani wanaposema kwamba mke wa mwana wao aliyetoka pwani hajui kupika maharagwe, wakumbuke kwamba binti huyo amehamia mahali ambapo hata maji hayachemki alivyozoea.

Presha kuka hulitatua jambo hilo kwa kuufungia mvuke ndani. Mvuke ukibanwa, maji hayachemki upesi, na joto hupanda kupita nyuzi 110. Si uvumbuzi wa juzi. Mfaransa Denis Papin alitengeneza chungu cha namna hiyo mwaka 1679 na kukionyesha kwa wataalamu wa Royal Society mjini London, naye ndiye aliyekiwekea vali ya usalama. Mnaoogopa kwamba chungu hicho kitalipuka mko pamoja na mvumbuzi wake mwenyewe. Yeye pia aliogopa, ndiyo maana akaweka vali.

Presha kuka ya umeme imeongeza mambo mawili. Ina ukuta unaozuia joto lisitoroke, na ina swichi ya ndani inayokata stima joto likitosha na kuirudisha likipungua. Ndiyo sababu ile ya wati 1,000, ingawa wati zake ni sawa na za koili niliyoitaja, haili kama koili. Nusu kilo ya maharagwe ambayo hayakulowekwa huiva kwa saa moja hivi, ukihesabu kupanda na kushuka kwa presha, na ulaji kwa kawaida ni nusu ya yuniti au chini yake. Kwa bei yetu ya mfano ni shilingi 15 hivi. Yakilowekwa usiku kucha, muda hupungua tena. Linganisheni na makaa mnayochoma kwa sufuria hiyo hiyo, kila mmoja kwa bei ya soko lake. Hata kampuni ya umeme yenyewe, Kenya Power, imekuwa na kampeni iliyoitwa Pika na Power ya kuwafundisha wateja mapishi ya namna hii. Bila shaka muuza stima husifu stima. Ndiyo sababu nikawaambia msome mita yenu wenyewe.

Lakini chombo hiki kina masharti, na asiyeyajua asikiguse. Maharagwe hutoa povu, kwa hivyo sufuria isipite nusu. Vyakula vingine visipite theluthi mbili. Maji yawemo. Tundu la vali lioshwe, maana ganda moja la haragwe linatosha kuliziba. Mfuniko usilazimishwe kufunguka mpaka presha yote itoke na kipini cha usalama kishuke. Mpira wa mfuniko ukipasuka au kulegea ubadilishwe. Hauzibwi kwa unga wala kwa karatasi ya nailoni, kama wengine wafanyavyo. Pia chumvi na nyanya tieni baadaye wakati wa kukaanga; nyanya hasa huchelewesha maharagwe kulainika.

Na wasio na stima, au wasio na fedha za kununua presha kuka, wasifikiri kwamba somo hili haliwahusu. Kuna kapu la kupikia bila moto. Ni kapu kubwa lililozungushiwa ndani matambara, sponji au majani makavu ya migomba, lenye mto wa kulifunika. Chakula huchemshwa jikoni, kisha sufuria huingizwa kapuni ikiwa bado inatokota, na huendelea kuiva kwa joto lake. Wali huiva vizuri sana humo, na chakula cha baba anayechelewa hubaki na moto. Maharagwe yana hadhari yake: yale mekundu yana sumu ya asili inayoumiza tumbo, na sumu hiyo haivunjwi na joto la uvuguvugu. Lowekeni, mwageni yale maji, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kuingia kapuni.

Eya fraya ni oveni ndogo yenye feni, basi. Inakausha viazi na kuku kwa mafuta kidogo, na kwa nyumba yenye mgonjwa aliyekatazwa mafuta inaweza kuwa baraka. Lakini haipiki ugali, na viazi vyake vya mara moja ni vya watu wawili au watatu. Mwenye watoto watano atasimama hapo mpaka usiku. Maikrowevu nayo ni ya kupasha chakula kilicholala; huifanya kazi hiyo vizuri na kwa stima kidogo. Akinunua mtu maikrowevu akidhani ataacha kupika, amenunua kitu kingine.

Zawadi ya nani, na nani aiguse?

Siku ya kukumbuka arusi yenu, baba anamletea mama presha kuka iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Anangoja afurahiwe. Mama anasema asante, lakini uso wake hausemi hivyo, na baba anaudhika. Nini kimetokea? Baba ameleta chombo cha nyumba akakiita zawadi ya mtu. Githeri italiwa na wote. Ni kama mama angemnunulia baba jembe siku ya kuzaliwa kwake na kumwambia, "Mume wangu, nimekukumbuka." Nunueni vyombo vya nyumba kwa fedha za nyumba, baada ya kuelewana. Zawadi ya mke iwe ya mke: kitenge, viatu, siku moja ya kwenda kumwona mama yake bila ya kuulizwa atarudi saa ngapi. Ila kama yeye mwenyewe amekuwa akiitamani presha kuka, hilo ni jambo lingine, na mume anayesikiliza atakuwa amelijua.

Na kinachotolewa kimetolewa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba mume au mke akimpa mwenzake kitu kuwa zawadi wakiwa katika ndoa, kitu hicho huchukuliwa kuwa ni mali ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hivyo baba anayempa mkewe blenda mwezi wa Desemba kisha mwezi wa Januari akaifungia kwa kufuli kwa ajili ya tokeni amefungia mali isiyo yake. Siandiki haya ili mpelekane kortini kwa sababu ya blenda. Naandika ili ijulikane kwamba hata serikali imeona kwamba zawadi ya kurudishwa si zawadi.

Kuna nyumba ambazo chombo kimekaa kabatini kwa sababu ya msaidizi wa nyumbani. "Ataiharibu," wanasema. Basi dada huyo anapuliza makaa saa tatu, mtoto mdogo yuko mgongoni na moshi unawaingia wote wawili, na presha kuka ya maelfu ya shilingi inatazama kutoka kwenye kioo. Mwacheni ajifunze. Mwonyesheni mara tatu mkiwapo, na mwandikieni masharti kwa Kiswahili rahisi ukutani. Mtu mliyemkabidhi mtoto wenu mnawezaje kumnyima birika?

Kuhusu mama anayekuja kukaa kwa mwana wake na kusema kwamba chakula cha mashine hakina ladha, shauri langu ni kwamba msibishane naye. Mara nyingine amesema kweli. Mahindi ya kuchoma, samaki wa kupaka, na chapati zenyewe, vinataka moto unaoonekana, na hakuna mashine iliyonishawishi kinyume. Lakini mpeni matumbo yaliyopikwa kwa presha kuka, mkiwa mmemwambia wazi yalivyopikwa, naye mwenye meno machache atawapa jibu. Na mume awe ndiye wa kuzungumza na mama yake. Si haki kumwacha mke asimame peke yake kutetea chombo kilichonunuliwa na wawili.

Jambo dogo kuhusu jamaa walioko Marekani. Wanapenda kutuletea vyombo, na tunashukuru. Lakini stima ya kwao ni ya volti 120 na yetu ni 240. Blenda ya huko ikichomekwa hapa bila transfoma itaungua siku hiyo hiyo, na nimesikia watu wakilaumiana kwa ajili hiyo: "Ulifanyaje?" "Sijafanya chochote!" Ni kweli hakufanya chochote. Someni kibandiko, kikisema 220 hadi 240, endeleeni. Pia msirundike birika, presha kuka na maikrowevu kwenye ekstensheni moja. Plagi zetu za pini tatu na fyuzi zake za 13 zimewekewa kiasi cha wati 3,000 hivi, na vyombo viwili vikubwa tayari vimefika hapo. Waya ukipata joto mkononi, ondoeni kimoja upesi.

Kuhusu kununua, sitasema mengi. Ulizeni bei ya taslimu na jumla ya malipo ya kidogo kidogo, mziandike zote mbili, mtoe moja katika nyingine. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kutongoja. Wakati mwingine inafaa kulipwa. Mama anayepika githeri ya kuuza asubuhi hawezi kungoja miezi minane. Mwenye kutaka tosta anaweza. Na anayenunua kwa siri, mume au mke, ajue kwamba siku chombo kitakapoonekana hakuna atakayezungumza juu ya wati. Watazungumza juu ya siri.

Limebaki swali ambalo halimo kwenye vibandiko. Tuseme presha kuka imepunguza saa mbili katika kila sufuria ya maharagwe, na mnapika mara mbili kwa wiki. Hizo ni saa nne. Ni za nani? Katika nyumba nyingi nilizotembelea, saa hizo zilimezwa papo hapo. Mama aliyemaliza mapema alipewa nguo za kufua, au aliongezewa wageni, kwa kuwa "siku hizi kupika si kazi." Lakini katika nyumba moja niliona jingine. Mume, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya jiko la makaa, alisoma kitabu cha maelezo ya chombo kama asomavyo gazeti. Akajua kupima maji, akajua kuosha vali, na sasa githeri ya Jumamosi ni yake. Wazee walimcheka kidogo mwanzoni. Mkewe wakati huo huenda kwenye mazoezi ya kwaya, na anarudi akikuta meza imetandikwa.

Basi jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, kaeni wawili na mshushe lile boksi la juu ya kabati. Ulizaneni bila haraka. Katika vyombo tulivyo navyo, ni kipi kinachotumika na ni kipi tumekiweka kwa ajili ya wageni ambao hawaji? Kuna chombo chochote humu ndani ambacho mmoja wetu anaogopa kukitumia mwenzake akiwapo? Wewe ungependa kufanya nini na saa nne za wiki kama ungezipata? Na Jumamosi ijayo, nani atasoma mita mara ya kwanza, nani mara ya pili?